Tangi la zege la mvinyo: nenda Dodoma, mawe ya Unguja yaache Unguja

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni fundi mwashi, nipo Fuoni, Unguja. Kazi yangu kubwa ni matangi ya maji ya zege, ya majumbani na ya mahotelini. Nina mteja wa Bara mwenye shamba la zabibu Dodoma. Kaona picha za matangi ya zege ya kuchachushia mvinyo huko Ulaya, mengine mfano wa yai, na anataka nimtengenezee moja la lita 2,000. Anasema zege linaufanya mvinyo upumue. Je, ni kweli? Na zege litastahimili? Nilimwage huku kwa vifaa vyetu kisha nilipakie melini, au nikalijenge huko huko? Ndani nipige lipu ya chokaa kama mabirika ya zamani, au niru? Nisaidie na upande wa dini pia, maana mimi ni Muislamu.

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Nianze na la mwisho. Hilo la dini si langu. Mpelekee sheikh unayemwamini, tena umpelekee kabla hujapokea malipo ya awali, maana kwenda kuuliza pesa ya watu ishatumika ni kujitafutia dhiki. Mimi nitakujibu ya zege, asidi na joto.

Zege linastahimili mvinyo, na kazi hiyo limeifanya kwa zaidi ya miaka mia. Lakini tangi usilimwage Unguja, na chokaa usiitie popote, si kwenye mchanganyiko wala kwenye lipu. Niru nayo iache. Majibu yote haya yanatoka kwenye jambo moja, nalo ndilo nitakalolikalia sana, kwa sababu ukilishika hilo mengine utayapanga mwenyewe kwa ufundi wako.

Mvinyo ni asidi. Kipimo chake cha pH, ambacho namba ikishuka asidi inazidi, mara nyingi kiko kati ya 3 na 4. Maji yako ya tangini yako karibu na 7, na zege bichi hupita 12. Kila namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi ya iliyo jirani yake, kwa hiyo ukimimina mvinyo kwenye zege jipya umewakutanisha mahasimu. Simiti inapogandana na maji huzaa chokaa yake yenyewe ndani ya zege, hata kama wewe hukuitia, na asidi ya mvinyo huitafuta chokaa hiyo na kuila. Hasara ni ya pande mbili. Ukuta unaparuzika na kuota vishimo ambamo vijidudu vitajificha. Mvinyo nao unapoteza ukali wake, unakuwa chapwa, rangi yake nyekundu inageuka kuelekea zambarau, na bakteria wanaoogopa asidi wanapata pa kuishi.

Sasa hayo mabirika uliyoyataja. Hamamu ya Kidichi aliyoijenga Sultan Said mwaka 1850, na magofu ya Maruhubi, jumba la Sultan Barghash lililoungua mwaka 1899, ni kazi ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake unaziona mpaka leo. Mafundi wale walijua kazi yao. Lakini walijengea maji. Chokaa, jiwe la matumbawe na ganda la chaza ni kitu kimoja kwa kemia, kalisiamu kaboneti au ndugu yake, na asidi haina huruma na kitu hicho. Tazama sakafu yoyote ya niru jikoni ilipomwagikia ukwaju au limau mara kwa mara, utaona alama isiyofutika.

Na hapo ndipo kokoto zetu zinapoingia. Kokoto nyingi za Unguja zinapondwa kutokana na jiwe la matumbawe. Kwa nyumba hazina tatizo, kwa tangi la maji pia, lakini kwa mvinyo utakuwa umejenga ukuta ambao tangu simiti yake hadi jiwe lake wote ni chakula cha asidi. Usiniamini mimi. Chukua kipande cha kokoto, kiponde kiwe unga, kikamulie limau. Kikitoa povu, hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye jiwe linaloliwa. Halafu ufanye hivyo hivyo kwa kokoto za Dodoma. Kule miamba mingi ni graniti, na graniti ukiikamulia limau inakutazama tu. Mchanga wa mtoni wa kule, wenye chembe ngumu zinazong'aa, nao kwa kawaida ni salama, ila usiupitishe bila kuupima, kwa sababu maeneo makavu kama yale huwa na vibonge vyeupe vya chokaa ardhini na vikiingia mchangani huvioni kwa macho.

Kuna na chumvi. Mchanga wowote uliokaribiana na bahari unabeba chumvi, na chumvi inaozesha nondo. Kwenye nyumba kutu ya nondo inapasua nguzo baada ya miaka. Kwenye tangi la mvinyo inaleta balaa mapema zaidi, kwa sababu chuma kikivuja ndani ya mvinyo, hata miligramu 10 tu kwa lita, mvinyo unaweza kufanya wingu, ukapata na ladha ya kulamba msumari.

Hata tungeyaweka mawe na chumvi pembeni, bado hesabu ya uzito ingekurudisha Dodoma. Tuseme tangi la duara, kipenyo cha ndani mita 1.4, kimo cha ndani mita 1.3, hilo linakupa lita 2,000. Ukuta, sakafu na kifuniko ukivipa unene wa sentimita 12, zege lako linafika mita za ujazo 1.25, nalo ni tani 3 likiwa tupu. Likijaa ni tani 5. Kulipandisha melini, kulishusha Dar es Salaam, kisha kulibeba kwa lori hadi Dodoma bila kupata ufa hata mmoja wa unywele ni bahati nasibu, na mvinyo unaupata ufa ambao maji yasingeuona. Beba mikono yako na kipimamaji chako, vifaa kanunue kule.

Kwenye kumwaga, wewe ndiye fundi, nitagusa tu yale ambayo tangi la maji lingekusamehe na hili halitakusamehe. Maji ya mchanganyiko yawe machache: kwa mfuko wa kilo 50 yasizidi lita 22, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Zege jepesi la kumiminika kama uji linaacha vinjia vidogo vidogo maji yakishakauka, na humo ndimo asidi itapenya. Kodi mashine ya kutetemesha, usitegemee kugongagonga kwa fito. Ukipata simiti yenye pozolana, yaani majivu ya volkano, ichukue, kwa sababu pozolana inaifunga sehemu ya ile chokaa huru. Nondo zikae ndani kwa sentimita 5 kutoka uso unaogusa mvinyo, na kama mteja ana fungu, nyuzi maalumu za zege badala ya nondo za ndani ni bora zaidi. Pembe zote zizungushwe. Sakafu iinamie kwenye koki. Koki, fremu ya mlango wa chini na kila kipande cha chuma kinachopita ukutani viwe vya stili isiyoshika kutu, vikae mahali pake siku ya kumwaga. Ukija kutoboa baadaye umeharibu.

Lipu usipige kabisa. Lipu ni ngozi ya pili, na ngozi ya pili siku moja itabanduka. Niru ndiyo mbaya kuliko zote, ijapokuwa inapendeza, kwa sababu ni simiti tupu isiyo na hata chembe ya mchanga wa kuikinga. Uso laini uupate kwenye fomu yenyewe, yaani boksi la kumwagia zege: tumia plaiwudi laini au bati la chuma, na mafuta ya kupakia fomu yawe ya kula. Usije ukapaka oili chafu ya gari, harufu yake haitoki. Kisha mwagilia, funika na magunia mabichi, na lipe siku 28 kamili. Dodoma ni kukavu kuliko huku, zege linanyang'anywa maji na upepo hata kabla hujanawa mikono.

Likishakomaa, lijaze maji na uyaache siku kadhaa, uyabadilishe. Hapo unatafuta uvujaji na unaosha ukali wa zege bichi. Kisha inakuja kazi ambayo kwenye matangi ya maji hujawahi kuifanya: kulipaka asidi kwa makusudi. Inatumika asidi ya tartariki ya daraja la chakula, ile ile iliyomo kwenye zabibu, iliyoyeyushwa kwenye maji kwa asilimia 10 hadi 20. Unapaka kwa brashi uso wote wa ndani, unaacha ukauke, unapaka tena, mara tatu au nne. Vaa glavu na miwani. Asidi hiyo inakutana na chokaa ya usoni na kuzaa kitu kinachoitwa kalisiamu tartareti, ambacho hakiyeyuki kwa urahisi. Kinakaa pale pale kama gamba, kinaziba vinjia, na mvinyo ukija unakuta mlango umefungwa. Hii ndiyo siri yote ya zege na mvinyo; bila gamba hilo hakuna shato, yaani shamba la mvinyo, la Ufaransa ambalo lingethubutu.

Usikisie kama gamba limekamilika. Weka maji ndani, yatie asidi ya tartariki kidogo mpaka pH iwe 3.5, uache usiku kucha. Kesho yake pima. Ikiwa pH imepanda kwa kiasi cha kuonekana, ukuta bado unakula asidi, rudia kupaka. Hata ikitulia, mwambie mteja mvinyo wa kwanza asiuweke ulio bora, na asiufunge chupani haraka, kwa sababu kalisiamu iliyozidi huwa inachelewa kujionyesha. Mvinyo unatoka tangini safi, na miezi baadaye vichembe vyeupe vinakaa chini ya chupa dukani. Havidhuru mtu, ila mnunuzi atadhani ni vioo.

Ipo njia nyingine, kupaka ndani epoksi ya chakula. Matangi mengi ya zamani ya Argentina na Italia yamepakwa hivyo. Ukipaka epoksi, habari ya asidi imekwisha, lakini umegeuza tangi lako kuwa ndoo nzito sana ya plastiki, na siku epoksi ikibanduka kipande, mvinyo utaingia nyuma yake na kuoza humo. Epoksi ya rangi ya kawaida ya dukani usiiguse. Mimi kwa mvinyo mweupe ningepaka epoksi iliyothibitishwa kwa chakula. Kwa mwekundu ningeacha zege wazi na gamba lake.

Tuje kwenye kupumua. Mteja wako hajadanganywa, ila katiliwa chumvi. Zege lina vinjia vya hewa na pipa la mwaloni lina vinjia vya hewa, lakini ukuta wa sentimita 12 uliomwagwa vizuri unapitisha oksijeni kidogo kuliko pipa. Oksijeni nyingi inayoufikia mvinyo inaingia pale watu wanapouhamisha kutoka chombo hadi chombo. Kinachowavutia watu wa zege ni kwamba haliongezi ladha yake. Pipa jipya la lita 225 linautia mvinyo vanila na moshi. Stili haitii kitu lakini inaufungia mvinyo bila hewa kabisa. Zege liko katikati. Pétrus, mmoja wa mivinyo ghali duniani, unachachushwa kwenye zege. Château Cheval Blanc walipofungua jengo lao jipya mwaka 2011 waliweka matangi 52, yote ya zege. Yai nalo lina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani: mwaka 2001 Michel Chapoutier, mtengeneza mvinyo wa Ufaransa, ndiye aliyeliagiza kwa kiwanda cha Nomblot cha Burgundy. Wanasema umbo lile linauzungusha mvinyo wenyewe kwa wenyewe. Mzunguko upo, unaletwa na tofauti ya joto, na upo kwenye chombo chochote. Faida ya kweli ya yai ni kukosa pembe za kukusanya uchafu. Fomu ya yai itakula pesa ya mteja na usingizi wako. Duara la kawaida linatosha.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa Dodoma ni joto. Kuchachuka kunazalisha joto jingi. Maji ya zabibu zilizoiva huwa na sukari gramu 200 hivi kwa lita, na joto la sukari hiyo lote likibaki ndani lingepandisha tangi karibu nyuzi 25. Zabibu zikiingia na nyuzi 28 za mchana, piga hesabu mwenyewe: hamira inataabika ikivuka nyuzi 35, ikifa sukari haijaisha, unabaki na kitu cha utamu na siki. Tangi la stili la milimita 2 ukilimwagia maji kwa nje linapoa. Ukuta wako wa zege hausikii. Zege linapanda joto polepole na kushuka polepole, sifa njema kabisa kwenye ghala la Ulaya lenye nyuzi 13, na sifa ile ile inakuwa mtego kwenye banda la mabati. Kwa hiyo kama ni la kuchachushia, lazima uzike bomba la stili la kupitisha maji baridi, ama ukutani ama ndani ya tangi, na mteja anunue mashine ya kupoza.

Kwa nini nasema kama? Kwa sababu inaonekana mteja hajaamua, na uamuzi huo unabadilisha mchoro wako. Tangi la kuchachushia mvinyo mwekundu linataka mdomo mpana wa kushindilia maganda yanayopanda juu, mlango wa chini wa kuyatolea, na nafasi tupu ya robo hivi, maana maganda yakipanda na povu yanatafuta pa kwenda. Tangi la kukomazia linataka kinyume chake: shingo nyembamba na mvinyo ujae mpaka juu, hewa isipate pa kukaa. Tena Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mvinyo wa mavuno ya kwanza ukiwa bado unakomaa tangini, mavuno ya pili yatakuta nyumba ina mpangaji. Ningekuwa mimi, ningemwambia achachushie kwenye stili au plastiki ya chakula anayoweza kuipoza, kisha mwekundu wa zabibu zake, za aina ya Makutupora kama ndizo alizonazo, auhamishie kwenye zege ukomae humo kwa miezi sita au zaidi. Tangi la stili lipo sokoni, tangi la zege utalijenga mara moja, na kila kimoja kitafanya kazi inayokiweza.

Usalama sasa, na hapa unisome taratibu. Lita moja ya maji ya zabibu ikichachuka inatoa karibu lita 50 za kaboni dioksidi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, na inajaa chini ya tangi na kukaa humo hata mvinyo ukishatolewa. Mtu anainama kwenye mlango kuosha, anavuta pumzi mbili, anaanguka. Mwenzake anaingia kumwokoa, anaanguka juu yake. Sisi tunayajua haya kwenye visima na mashimo ya vyoo. Usitegemee mshumaa, kwa sababu kaboni dioksidi inaweza kukulewesha mshumaa ungali unawaka. Lipulizie feni kwa muda mrefu kutoka chini, tumia kipimo cha hewa, na anayeingia awe na kamba mwilini na watu wawili juu wasioingia kwa hali yoyote. Andika onyo hilo ukutani kwa rangi, kwa maneno, kabla hujakabidhi.

Jambo la usafi lina mtego mmoja unaokuhusu wewe hasa. Matangi ya maji tunayatia klorini, na tangu miaka ya kipindupindu hakuna mtu wa visiwani anayehitaji kuelezwa kwa nini. Tangi la mvinyo usilitie klorini hata tone. Klorini ikikutana na kuvu inaishia kuzaa harufu ya boksi la karatasi lililolowa, na harufu hiyo ikishazama kwenye zege inaingia kwenye kila mvinyo unaokuja. Maji ya moto na magadi ya kuoshea vinatosha, kisha suuza, kisha rudishia mkono mmoja wa asidi ya tartariki.

Najua utaniuliza la pili, maana watu wa huku wakisikia habari hii wanaliuliza: kama zege linashika mvinyo, si litashika siki ya nazi au ya nanasi, biashara isiyo na utata? Halitashika. Asidi ya siki ikikutana na chokaa inazaa kalisiamu asetati, na hiyo inayeyuka. Gamba halifanyiki. Ukuta unaliwa leo, kesho na mwezi ujao, mpaka kokoto zitokeze. Ndiyo maana hata kwa mteja wako, mvinyo ukianza kunuka siki autoe siku hiyo hiyo. Kwa siki tumia mapipa ya plastiki ya chakula au mitungi iliyopakwa glezi, na kwa hizo fundi mwashi hahitajiki.